Meno Mia na Ishirini

Kila asubuhi, baada ya kufagia ua na kuwafungulia kuku, Gentrix alichukua kitambaa chenye unyevu akapanda kwenye trekta ya samawati iliyolala kando ya nyumba yao. Kazi yake ilikuwa kupangusa dashibodi. Chini, mama yake, Sellah, alikagua mafuta ya injini, maji ya rejeta ya kupoza injini na upepo wa magurudumu. Kisha Mama aliwasha injini na kuiacha ingurume polepole ili ipate joto. Gentrix aliendelea kupangusa kioo mpaka namba zote zikaonekana vizuri, ndipo akaruka chini na kwenda kuvaa sare ya shule.

Trekta hiyo haikuwa yao. Ilikuwa ya Mzee Shikanga, mkulima mwenye mashamba ya miwa upande huu wa Matungu. Sellah alikuwa dereva wake kwa miaka saba. Alivuta trela za miwa kutoka mashambani hadi kiwandani, wakati wa jua na wakati wa matope. Hakupenda kukimbia. Trela ikiwa imejaa, aliteremka mlima kwa gia nzito, taratibu, na watoto wa shule walijua kwamba wakimwona atapunguza mwendo wapite. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni waliposikia mngurumo wa mbali walisema, "Huyo ni Mama Gentrix," hata kabla hajatokea kwenye kona.

Gentrix alikuwa Gredi ya Saba. Alipenda hesabu kuliko masomo mengine yote, na tangu shule yao ipate vishikwambi alipenda kompyuta pia. Mwalimu wao, Bi. Awinja, alikuwa amewaambia kwamba kompyuta inaweza kufanya hesabu milioni moja kabla mtu hajapiga chafya, na wala haichoki. Maneno hayo yalimkaa Gentrix moyoni.

Alhamisi moja, akitoka shuleni na wenzake, aliona trekta ya samawati imesimamishwa kando ya barabara, trela ikiwa nusu tupu. Wapakiaji miwa walikuwa wamesimama na mapanga yao. Katikati yao alikuwa Mzee Shikanga, simu mkononi.

"Mama Gentrix, shuka," alisema Mzee.

Sellah alizima injini, akashuka.

"Mwaka jana nilinunua kompyuta mjini Kakamega, fundi akaifunga kwenye trekta hii," Mzee alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Inapima jinsi injini inavyozunguka. Inapeleka namba kwenye mshale wa dashibodi, na inapeleka namba hiyo hiyo kwenye simu yangu. Kwa wiki kadhaa sasa simu inanililia. Injini imezungushwa kupita kiasi. Mshale umeingia kwenye rangi nyekundu asubuhi, mchana na jioni. Unataka kuniulia trekta?"

"Mzee, sijaikanyaga kupita kiasi hata siku moja," Sellah alijibu. "Naendesha kama nilivyoendesha siku zote. Nilikwambia mshale huo siuelewi siku hizi, ukanionyesha simu."

"Simu haina ugomvi na wewe! Simu inasema inachoona."

"Na mimi nasema ninachosikia. Injini ikilia vibaya, sikio langu linajua."

Mzee Shikanga alitikisa kichwa. "Kuanzia leo trekta italala kwangu. Na namba zikiendelea hivi, Jumatatu nitampa mtu mwingine ufunguo."

Wapakiaji waliinamisha macho. Mmoja alijifanya ananoa panga. Tyson, mjukuu wa Mzee Shikanga, ambaye alisoma darasa moja na Gentrix, alicheka kidogo na kuwaambia wenzake, "Kumbe mama yake Gentrix ni wa mbio! Tulidhani ni kobe."

Gentrix alihisi uso ukimwaka moto. Alikwenda nyumbani peke yake kwa njia ya mkato.

Jioni hiyo walikula ugali na mboga ya mrenda. Mama alimega tonge, akalishika, akasahau kulitia mdomoni. Gentrix alitaka kusema kitu cha kusaidia. Alilokuwa nalo kichwani lilikuwa moja tu, likamtoka kabla hajalipima.

"Lakini Mama, kompyuta haidanganyi. Labda ulikanyaga mafuta sana bila kujua."

Mama aliliweka tonge chini. Hakupandisha sauti.

"Na mimi, Gentrix? Nimewahi kukudanganya?"

"Hapana, Mama."

"Basi kula, chakula kinapoa."

Mama aliinuka akaenda kuwafungia kuku, ingawa kuku walikuwa wameshafungiwa. Gentrix alibaki akitazama sahani. Alitamani maneno yake yarudi, lakini maneno hayarudi. Lililomuuma zaidi ni kwamba hakujua aamini nini. Alimwamini mama yake. Aliamini pia hesabu. Iweje vitu viwili anavyoviamini vipingane?

Asubuhi ya Ijumaa ua ulikuwa mtupu mahali trekta ilipokuwa ikilala. Kwa mazoea, Gentrix alijikuta ameshika kitambaa. Alisimama pale, kitambaa mkononi, akiiona dashibodi akilini kana kwamba iko mbele yake. Kushoto kulikuwa na kipimo cha mafuta, kulia kipimo cha joto. Katikati kulikuwa na mita kubwa ya mizunguko ya injini, yenye namba kuanzia sifuri hadi thelathini. Moja ilimaanisha mizunguko mia moja kwa dakika. Rangi nyekundu ilianzia ishirini na mbili.

Na mshale? Injini inaponguruma polepole asubuhi, mshale ulikuwa ukikaa wapi?

"Mama!" aliita. "Zamani ukiwasha trekta, mshale ulikuwa unasimama kwenye nane. Siku hizi unasimama kwenye kumi. Nimekuwa nikiupangusa kila siku, nauona!"

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Hilo ndilo nililomwambia Mzee. Sauti ni ile ile, lakini mshale umehama."

"Tangu lini?"

"Tangu itoke kwa fundi mwezi uliopita."

Siku hiyo masomo yalimpita Gentrix masikioni. Kengele ya mwisho ilipolia, hakwenda nyumbani. Alikwenda sokoni, kwenye gereji ya Kipsang.

Kipsang alikuwa kijana aliyetoka Likuyani, ambako alianza kwa kutengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Sasa yeye ndiye aliyetegemewa na wenye matrekta wote wa karibu. Yeye ndiye aliyeifunga ile kompyuta ya Mzee Shikanga. Gentrix alimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu, anaosha mikono kwa sabuni ya unga.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe si binti wa Sellah? Nimesikia yaliyotokea. Pole."

"Fundi, nataka kujua kitu. Ile kompyuta inajuaje injini inazunguka mara ngapi? Ina macho?"

Kipsang alicheka. "Haina macho. Njoo."

Aliichukua baiskeli yake, akaipindua magurudumu yakatazama juu. Akaonyesha lile gurudumu dogo la meno, pale pedeli zinaposhikia, linalovuta mnyororo.

"Hili lina meno arobaini. Nyuma ya injini ya trekta kuna gurudumu zito la chuma, nalo lina meno pembeni pande zote. Injini ikizunguka mara moja, gurudumu hilo nalo linazunguka mara moja. Sasa karibu na meno hayo tumefunga sensa, kidude kidogo kama kidole gumba, ndani kina sumaku. Kila jino likipita mbele yake, sensa inapeleka mpigo mmoja wa umeme kwenye kompyuta. Sikiliza."

Aliugusisha ukingo wa kipande cha plastiki ngumu kwenye meno ya baiskeli, akazungusha pedeli polepole. Tak, tak, tak, tak.

"Ukisikia tak arobaini, gurudumu limezunguka mara ngapi?"

"Mara moja," Gentrix alijibu.

"Na ukisikia tak mia nne katika sekunde moja?"

Gentrix aligawanya kichwani. "Mara kumi kwa sekunde. Kwa dakika ni mara mia sita."

"Basi umeshakuwa kompyuta," Kipsang alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake yote. Inahesabu mipigo, inagawanya kwa idadi ya meno, kisha inakokotoa ingekuwa mara ngapi kwa dakika nzima. Haingoji dakika iishe. Inapima kipande kidogo sana cha muda, tena na tena. Ndiyo maana dereva akikanyaga mafuta, mshale unapanda papo hapo."

Gentrix aliligeuza jambo hilo kichwani kama mtu anayekagua embe kama limeiva.

"Inajuaje gurudumu lina meno mangapi?"

"Haijui. Inaambiwa na fundi siku ya kuifunga. Hii niliiambia tisini na sita. Nakumbuka vizuri, maana niliyahesabu mwenyewe."

"Basi hesabu yake ni sawa," Gentrix alisema, na moyo wake ukashuka. Halafu akakumbuka. "Lakini mshale ulikuwa kwenye nane, na sasa uko kwenye kumi, na sauti haijabadilika. Fundi, hakuna kitu kwenye trekta kinachozunguka polepole, ambacho mtu anaweza kukihesabu mwenyewe?"

Kipsang alijifuta mikono. "Kipo," alisema. "Gurudumu kubwa la nyuma. Kwenye gia ya kwanza ya chini, injini inazunguka mara mia mbili ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Hilo halibadiliki, maana meno ya gia yameshikana. Ukihesabu gurudumu, umeihesabu injini." Akasimama. "Kesho asubuhi nitakuja kwa Mzee. Lakini mwambie mama yako kwanza."

Kumwambia Mama hakukuwa rahisi. Sellah alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kiunoni.

"Unataka nisimame tena mbele ya wale watu? Na mkihesabu mkikuta simu ndiyo yenye ukweli?"

Gentrix alimtazama usoni. "Nitasema hivyo hivyo, Mama. Nitasema tulichohesabu."

Mama alishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha uso wake ukalegea. "Hapo sawa," alisema. "Kesho twende."

Jumamosi asubuhi wapakiaji miwa walikuwa tayari katika ua wa Mzee Shikanga wakingoja kupelekwa shambani. Mzee aliposikia ombi lao alikunja uso.

"Mtoto ndiye atakayepima trekta yangu?"

"Mzee, mtoto atahesabu tu," Kipsang alisema. "Wewe utashika saa."

"Dakika tano. Zikiisha, miwa inangoja."

Barabara ya murram iliyopita kando ya shamba ilikuwa imenyooka na kavu. Kipsang alichora mstari mweupe kwa chokaa kwenye kila gurudumu la nyuma. "Gentrix upande wa kushoto, Tyson upande wa kulia. Kaeni mbali na gurudumu, tembeeni sambamba nalo. Kila mstari ukigusa chini, hesabu moja. Msisemezane."

Tyson alijiweka tayari huku akitabasamu. Sellah aliwasha injini, na Mzee akapanda kwenye kidato cha nje, pale ambapo aliweza kuuona mshale. "Uko kwenye kumi," alitangaza. "Elfu moja."

Kabla hawajaanza, Gentrix alipiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kama mshale ulisema kweli, gurudumu lingezunguka mara tano kwa dakika, yaani mara ishirini na tano kwa dakika tano. Aliwaonyesha wote. Kisha Sellah akatia gia ya kwanza ya chini, akaachia klachi bila kukanyaga mafuta, na trekta ikaanza kutambaa.

Mstari mweupe ulipanda juu, ukapinda, ukashuka, ukagusa udongo. Moja. Ukapanda tena. Mbili. Ulikuwa mwendo wa kobe kweli, na wapakiaji waliokuwa wakifuata nyuma walianza kwa mzaha, lakini muda si muda wakanyamaza, midomo yao ikicheza bila sauti. Nao walikuwa wanahesabu. Jasho lilimtiririka Gentrix usoni. Hakuthubutu kulipangusa asije akapoteza mstari.

"Simama!" Mzee aliita.

Trekta ilisimama. Mzee alimgeukia mjukuu wake kwanza. "Tyson, ngapi?"

Tyson hakuwa akitabasamu tena. Alimtazama babu yake, kisha akautazama mchanga pale ilipoandikwa ishirini na tano. Ingekuwa rahisi kusema namba hiyo.

"Ishirini, Guka," alisema.

"Gentrix?"

"Ishirini."

"Labda mmekosea wote wawili."

"Basi turudie," alisema Gentrix.

Walirudia, trekta ikirudi ilikotoka. Wakapata ishirini tena. Gentrix alichuchumaa akaandika mchangani. Ishirini kwa dakika tano ni nne kwa dakika. Nne mara mia mbili ni mia nane.

"Injini inazunguka mara mia nane," alisema, "lakini mshale unasema elfu moja. Kompyuta inaongeza."

Wapakiaji walianza kunong'ona. Sellah alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani.

"Inaongeza vipi?" Mzee aliuliza. Ukali ulikuwa umempungua. "Fundi, si ulisema inagawanya kwa meno?"

"Inagawanya kwa tisini na sita," Kipsang alisema polepole. "Hebu tuyahesabu meno yenyewe."

Sellah alizima injini, akautoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Kipsang aliingia chini, akafungua kifuniko kidogo nyuma ya injini. Ndani ya tundu lile meno ya chuma yalionekana, meusi kwa vumbi na mafuta. Alitumia nondo kuizungusha injini kwa mkono, jino moja moja, huku Gentrix na Tyson wakiwa wamelala kifudifudi juu ya gunia wakichungulia.

Walipomaliza, Gentrix alikuwa na mia na kumi na tisa. Tyson alikuwa na mia na ishirini na moja.

"Haya, kompyuta zangu zimegombana," Kipsang alisema.

"Hatukuweka alama ya kuanzia," Gentrix alisema kwa aibu. "Tulikisia mahali pa kuishia."

Tyson alikimbia akaleta chokaa. Walipaka jino moja rangi nyeupe, wakaanza upya, safari hii mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akikunja kidole kila yakifika kumi. Jino jeupe liliporudi mbele ya tundu, wote wawili walisema pamoja.

"Mia na ishirini!"

Kipsang aliiweka nondo chini. Alikaa pale chini ya trekta kwa muda, mikono yake myeusi ikiwa juu ya magoti. Hakuna mtu pale ambaye angejua zaidi ya alichowaambia. Angeweza kusema kwamba sensa imezeeka, au kwamba kompyuta iliuzwa ikiwa mbovu. Gentrix alimwona akitoka chini ya trekta, akasimama wima mbele ya Mzee Shikanga.

"Mzee, kosa ni langu. Mwezi uliopita gurudumu la zamani lilikuwa limekatika meno. Nikatafuta jingine, pamoja na stata yake ya kuwashia injini, nikalifunga. Lile la zamani ndilo lilikuwa na meno tisini na sita. Hili lina mia na ishirini. Nilipolifunga sikuyahesabu, na sikuiambia kompyuta. Imekuwa ikihesabu meno mapya na kugawanya kwa meno ya zamani."

Gentrix aliichukua chokaa akaandika kwenye bati la ubavuni mwa trekta. Mia nane mara mia na ishirini, ni tisini na sita elfu. Gawanya kwa tisini na sita. Elfu moja kamili.

"Na Mama akiendesha kwa elfu moja mia nane, mwendo wake wa kawaida," aliendelea, akiandika haraka, "kompyuta inasoma elfu mbili mia mbili na hamsini. Hiyo ni ndani ya nyekundu. Hakuwahi kuvuka."

Mzee Shikanga alizitazama namba zile nyeupe. Alizisoma mara mbili, midomo ikitembea. Kisha akamgeukia Kipsang kwa hasira.

"Umenifanya nimwonee mtu asiye na hatia!"

"Ndiyo, Mzee," Kipsang alisema. "Ndiyo maana nimesema mbele ya kila mtu. Ukitaka kunitafutia mbadala, una haki."

Mzee alipumua kwa nguvu puani. Alimtazama fundi, akamtazama Sellah aliyekuwa ameshuka na kusimama kando ya gurudumu. Ndege walisikika kwenye miwa.

"Hapana," Mzee alisema hatimaye. "Wewe hukumwita mharibifu wa trekta mbele ya watu. Mimi ndiye niliyemwita." Aliwapungia mkono wapakiaji. "Sogeeni. Alhamisi mlinisikia nikimsema Mama Gentrix. Leo nisikieni nikimwomba msamaha. Aliniambia mshale umehama, sikumsikiliza. Nilikuwa na simu mkononi nikadhani nina ukweli wote. Mama Gentrix, nisamehe."

Sellah aliutoa ufunguo mfukoni, akaugeuza mkononi. "Nimekusamehe, Mzee," alisema. "Lakini siku nyingine ukiwa na swali, niite kando uniulize. Nimekufanyia kazi miaka saba."

"Ni kweli. Na trekta irudi kulala kwako."

Mpakiaji mmoja mwenye umri mkubwa alipiga makofi, na wengine wakamfuata. Kipsang aliunganisha kifaa chake kwenye kompyuta, akafuta tisini na sita, akaandika mia na ishirini. Sellah aliwasha injini. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukatulia kwenye nane.

Tyson alimsogelea Gentrix. "Yale maneno ya Alhamisi," alisema, akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Yalikuwa ya ujinga. Pole."

"Ulisema ishirini," Gentrix alimjibu. "Ungeweza kusema ishirini na tano. Imeisha."

Jioni, baada ya trela ya mwisho, Mama alichinja kuku. Walikuwa wamezoea kuchinja wakati wa Krismasi tu au mgeni akija, hivyo Gentrix alishangaa.

"Nani anakuja?"

"Hakuna. Leo tunakula ingokho sisi wenyewe," Mama alisema, akicheka.

Gentrix alikaa karibu na jiko akichochea moto. Kulikuwa na jambo ambalo hesabu zote za siku ile hazikuwa zimelimaliza.

"Mama, juzi nilikukosea. Nilikuambia ulikanyaga mafuta bila kujua. Sikukuuliza hata swali moja, nikaamua. Nisamehe."

Mama alifunika sufuria, akaketi kwenye kigoda mkabala naye.

"Iliniuma," alisema. "Mzee kunishuku niliweza kuvumilia. Wewe, nilishindwa hata kula. Lakini hukuishia hapo. Ulikwenda kuuliza, ukahesabu, tena ukaniahidi utasema ukweli hata kama ungekuwa juu yangu. Jana uliponiahidi hivyo ndipo nilipojua nimezaa mtu."

Gentrix aliinamisha kichwa, machozi yakimlenga. Mama alimwekea mkono begani.

"Sikiliza, mwanangu. Sikatai kompyuta. Kesho na keshokutwa utaelewa mitambo ambayo mimi siwezi hata kuitaja. Lakini kila namba ina mahali ilipotoka, na mahali hapo kuna mtu aliyeiweka. Kabla hujamhukumu mtu kwa namba, uliza imepatikanaje. Ukiweza, hesabu mwenyewe. Ukishindwa, nyamaza kwanza. Na hesabu ikikuonyesha kwamba umekosea wewe, sema upesi, kama alivyosema Kipsang. Leo jioni nimewasikia wapakiaji wakisema hawatamwamini tena. Mimi naona vingine. Fundi asiyekosea sijawahi kumwona, na anayekosea akaficha nimewaona wengi. Siku nikipata trekta yangu mwenyewe, ni yeye nitakayempelekea."

"Utapata, Mama?"

"Kwa nini nisipate? Lete sahani."